Mkwe Wangu Mwenye Damu Safi

Klak… kufuli la jikoni, kabla hakujapambazuka. Nilikuwa nalala kwao, nikiwaangalia wajukuu. Nikatoka.

Mkwe wangu Ladislas alikuwa amerundika uani nguo zote za binti yangu Emerance, hata vitenge vya harusi.

"Beba, Maman. Hatarudi humu. Damu yake iko na kifo. Muntu wa vile halei batoto bangu."

Wapendwa mnaonisoma, Emerance alikuwa amelazwa wodi ya wagonjwa wa akili, baada ya kujaribu kujiua. Watafiti walipita pale kutafuta kama damu ina alama ya hatari hiyo. Walichukua ya wagonjwa, na ya wazima ili walinganishe. Ladislas naye alitoa, upande wa wazima. Tangu siku hiyo akawa anatamba mtaa mzima kwamba yake ni safi, ya mkewe imeoza.

Nikaenda hospitali na furushi kichwani. Muuguzi Kamali alinitua mzigo, akanipa chai yake mwenyewe. Nikamuuliza kama damu ya mwanangu imesema atakufa.

Akasema hakuna damu inayosema hivyo. Hizo alama bado zinachunguzwa kwa watu wengi pamoja, haziwezi kumhukumu mmoja. Akaongeza: ukiwa na wasiwasi na mtu, muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani.

Nikarudi na furushi lilelile… na hasira.

"Umerudisha uchafu?" Ladislas akaniuliza.

Nikamwambia mkewe atarudi humuhumu. Akacheka, akasema wanawake wa ukoo wetu tunazaliwa wagonjwa.

"Ni wewe ulimuharibu, Maman."

Nilitaka kumtukana. Lakini chakula nilichompakulia jana kilikuwa hakijaguswa. Redio yake, ambayo hakuruhusu mtu aiguse, alikuwa amempa jirani. Na macho yake… hayakuwa yamelala.

"Ladislas, unawaza kujiua?"

Akakaa sakafuni, mwanaume mzima.

"Tangu Pasaka. Nilisema kama damu yake ndiyo mubaya, basi mimi niko muzima."

Kumbe matusi yote yale yalikuwa woga!

Nilimshika mkono, sikuuachia mpaka wodini. Kamali alimpokea kama mgeni aliyemngoja.

Jamani, msingoje maabara iwasemee watu wenu. Waulizeni. Kisha msiwaache peke yao, wapelekeni wakatibiwe.

Jana niliwapelekea wote wawili uji wodini. Emerance alikunywa wote, akaniomba nimsuke. Ladislas alinisindikiza mpaka mlangoni, akashika ncha ya kitenge changu.

"Maman… kesho utakuya tena kuniona?"