Arobaini Imekwisha, Mama Anataka Baga

Sogeeni, sogeeni! Mwenye njaa akae mbele, aliyeshiba akae nyuma. Hadithi hii inanukia vitunguu.

Tunu alikuwa mtoto wa Tanga, mji wa baiskeli. Kila nyumba ina baiskeli. Nyumba nyingine zina mbili, na kuku amelala juu ya moja.

Tunu aliishi na Mama, na Babu Mbaruku, na mdogo wake Hemedi. Hemedi alikuwa mchanga kabisa. Kazi yake ilikuwa kunyonya, kulala, na kupiga miayo. Mdomo mdogo, mwayo mkubwa. Aaaawh!

Mama alikuwa ndani ya arobaini. Mama akishajifungua, hukaa ndani siku arobaini. Hapiki, hafui, hatoki. Anapumzika tu, na watu wanampikia vitu vya kumpa nguvu.

Mpishi alikuwa Babu. Na Babu alijua kupika kitu kimoja: uji wa pilipili manga. Uji asubuhi. Uji mchana. Uji jioni. Koroga, koroga, koroga!

"Kunywa, mwanangu, upate nguvu," Babu alisema.

Mama alikunywa. Mama alimpenda sana Babu. Lakini uji, jamani, uji ulikuwa umemfika hapa, shingoni.

Jumamosi moja arobaini ikaisha. Hemedi akanyolewa, kichwa kikang'aa. Mama akaoga, akajifukiza udi, akavaa dera jipya. Kisha akatoka, akakaa barazani.

"Alhamdulillahi," alisema Mama. "Sasa nataka baga."

Babu aliduwaa na mwiko wake mkononi. "Baga?"

"Baga, Baba. Ya moto, na kachumbari, na sosi. Ile bora kuliko zote hapa mjini. Usiku naiota."

"Nitakuletea mimi!" Tunu aliruka juu. "Mama, mimi nitaitafuta!"

Mama akamvuta, akambusu kwenye paji la uso. "Nenda na Babu, mwanangu. Nami leo sili kitu mpaka mrudi. Tumbo langu lote nimeliacha wazi kwa baga hiyo."

Babu akatoa baiskeli. Tunu akapanda nyuma, kwenye keria. Akashika shati la Babu kwa mikono miwili.

*Kring! Kring! Baga ya Mama!*
*Twaenda, twatafuta, hatutakwama!*

"Sikiliza, mjukuu wangu," Babu alisema huku akikanyaga pedali. "Hatununui kwa kunusa. Kila kibanda tutaonja moja. Kisha tutachagua, na iliyo bora tutampelekea Mama."

"Sawa, Babu. Mimi nitaonja vizuri."

Kibanda cha kwanza kilikuwa cha Salimini, karibu na stendi. Nyama ilikuwa juu ya kikaango. Chwaaa! Chwaaa! Salimini akaigeuza, akaifunika kwa mkate, akaifunga kwa karatasi.

Babu akaishika baga. Tunu akafungua mdomo. Aaa!

Lakini ngojeni kwanza niwaambie habari za Babu Mbaruku. Babu hawezi kula peke yake. Hawezi! Akila kitu, na mtu akipita, lazima amwite: "Karibu!" Hiyo ni adabu.

Na mtu yule anayepita hujibu: "Asante, starehe!" Kisha anakwenda zake. Hiyo nayo ni adabu. Kila siku ndivyo ilivyo. Kwa wali ndivyo, kwa muhogo ndivyo, hata kwa chai kavu.

Lakini huu haukuwa muhogo. Hii ilikuwa baga.

Fundi Shebe, yule fundi baiskeli, alikuwa anapita.

"Karibu, fundi!" Babu aliita.

Fundi Shebe akasimama. Akanusa. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Haya, nimekaribia!" alisema.

Nyam, nyam, nyam! Loo! Fundi Shebe ana mdomo, huyo. Tunu akabaki na kipande cha mkate wa chini. Babu hakubaki na kitu.

Tunu akatafuna polepole. Mkate ulikuwa laini, umepashwa kwa siagi.

"Enhe? Ikoje?" Babu aliuliza.

"Mkate wake mtamu sana, Babu. Mengine sijui."

"Basi twende mbele."

*Kring! Kring! Baga ya Mama!*
*Twaenda, twatafuta, hatutakwama!*

Kibanda cha pili kilikuwa cha Bi Tima, mbele ya soko. Chwaaa! Chwaaa! Bi Tima alikata nyanya, akakata vitunguu, akakamua ndimu juu yake. Chrr!

Safari hii Tunu aliwahi. Alifungua mdomo mapema. Aaa!

"Karibu, Bi Kidawa!" Babu aliita.

Bi Kidawa, muuza vitumbua, alikuwa anapita na ungo wake kichwani. Akautua ungo chini. "Haya, nimekaribia!" Nyuma yake alikuwapo shoga yake. Naye akakaribia. Nyuma ya shoga yake alikuwapo shoga wa shoga yake. Makubwa haya!

Nyam, nyam, nyam! Tunu akabaki na kachumbari kwenye kiganja. Akaila yote. Ilikuwa na ukali kidogo wa ndimu, na ilitafunika kwa sauti. Kru, kru, kru.

"Enhe? Ikoje?"

"Kachumbari yake tamu sana, Babu. Mengine sijui." Tunu akakunja uso. "Babu, kwa nini unakaribisha kila mtu?"

"Ni adabu, mjukuu wangu."

*Kring! Kring! Baga ya Mama!*
*Twaenda, twatafuta, hatutakwama!*

Kibanda cha tatu kilikuwa cha Chande, kando ya uwanja wa mpira. Chwaaa! Chwaaa! Chande akamwaga sosi yake nyekundu, ile anayoipika mwenyewe. Akampa Babu baga.

Hapo hapo mpira ukaisha. Prrrii! Watoto wakatoka uwanjani, timu nzima. Wana jasho, wana vumbi, wana njaa.

Tunu alimshika Babu mkono. "Babu, usiseme. Nakuomba, Babu, usiseme."

Babu akafumba mdomo. Watoto wakasogea. Babu akaufumba zaidi. Mashavu yakamvimba. Watoto wakasogea tena. Macho yakamtoka.

"KARIBUNI!" Babu alilipuka.

Nyam-nyam-nyam-nyam-nyam!

Tunu akabaki na karatasi. Akailamba. Ilikuwa na sosi. Ilikuwa tamu, chachu, na yenye pilipili kwa mbali.

"Enhe?" Babu aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sosi yake tamu sana, Babu. Mengine sijui." Tunu akageuka. "Kaka Chande, naomba baga nyingine. Hii ni ya Mama. Hatuionji, tunaondoka nayo."

Chande akakuna kichwa. "Zimekwisha, mama. Ile ndiyo ilikuwa ya mwisho."

Zimekwisha! Tunu akalia palepale.

"Mama ametoka arobaini leo! Hajala kitu! Ananisubiri mimi!"

Chande alimwonea huruma. Akachukua kikombe kidogo, akakijaza sosi, akakifunika. "Basi mpelekee hii, na umwambie hongera ya mtoto."

Tunu akapanda kwenye keria na kikombe chake. Wakarudi kwa Bi Tima. Bi Tima alikuwa anafagia. Zimekwisha. Wakarudi kwa Salimini. Salimini alikuwa anasugua kikaango. Zimekwisha.

Tunu alimkasirikia Babu. Alimpenda, na alimkasirikia, yote mawili kwa pamoja. Hakuimba tena. Kengele tu ndiyo iliyolia. Kring. Kring.

Barabarani, Bi Kidawa alikuwa amekaa kwenye kigoda. Mkononi alikuwa na nini? Baga! Alikuwa amerudi kwa Bi Tima kununua yake. Mwonja asali haonji mara moja.

"Babu Mbaruku! Karibuni!" Bi Kidawa aliita.

Tunu akainua kichwa.

"Asante, starehe!" Babu alijibu. Akapita.

Mbele kidogo, Fundi Shebe alikuwa amekaa juu ya tairi. Mkononi alikuwa na nini? Baga! Naye alirudi kwa Salimini.

"Karibuni, karibuni!" Fundi Shebe aliita.

"Asante, starehe!" Babu alijibu. Akapita.

"BABU! SIMAMA!"

Kwiiii! Babu akakamata breki. Kuku wakakimbia.

"Babu, wewe ukikaribisha, watu wanakula baga yetu," Tunu alisema. "Sisi tukikaribishwa, kwa nini hatuli?"

"Ni adabu, mjukuu wangu."

"Na njaa ya Mama?"

Babu alifungua mdomo. Akautazama mdomo wake kwenye kioo cha baiskeli.

"Mdomo huu," alisema Babu, "leo umenitia aibu." Kisha akageuza baiskeli.

"Fundi Shebe, shikamoo," Tunu alisema.

"Marahaba, mwanangu."

"Ule ukaribisho wako bado upo?"

Fundi Shebe akacheka. "Upo, sogea."

"Si mimi ninayekaribia. Ni Mama. Leo ametoka arobaini, anatamani baga, na baga zimekwisha."

"Eti nini? Mama yako katoka arobaini, nawe umekaa kimya? Mbona hukusema!" Fundi Shebe alikuwa bado hajaing'ata baga yake. Akaifunga vizuri, akampa Tunu. "Nenda mbio, isipoe."

Wakarudi kwa Bi Kidawa. Tunu akamweleza yote.

"Maskini ya Mungu! Uji siku arobaini! Mimi nilichoka siku ya tatu," alisema Bi Kidawa. "Hii nimeshaing'ata upande, lakini nyama ipo, na kachumbari tele. Chukua, mwanangu, chukua."

Ahsante, ahsante! Na sasa Tunu alikuwa na mizigo. Baga moja nzima, baga moja nusu, na kikombe cha sosi. Babu akakanyaga mpaka kofia ikataka kuruka.

*Kring! Kring! Baga ya Mama!*
*Twaja nayo, twaja nayo, hatujakwama!*

Mama alikuwa barazani, anatazama njia. Tumbo lake lilinguruma. Nguruuu!

"Usile bado, Mama!" Tunu alinawa mikono. Akaleta sahani. Akafungua baga zote mbili.

"Mkate nachukua wa Salimini. Mkate wake naujua." Akaweka mkate.

"Kachumbari nachukua ya Bi Tima. Naijua." Akaweka kachumbari.

"Sosi ya Chande. Naijua sana, nimelamba karatasi." Akamwaga sosi.

Kisha Tunu akasimama. "Nyama sijui, Mama. Sikuonja nyama hata moja. Babu alikaribisha watu."

Mama alimtazama Babu. Babu alitazama juu, kama anayetafuta mvua.

"Basi weka zote," alisema Mama.

Baga ikawa ndefu! Mama akaishika kwa mikono miwili. Akaing'ata. Sosi ikamwagika kidevuni. Akafumba macho. Akatafuna. Tunu alisubiri, hata kupumua hakupumua.

"Tunu," alisema Mama. "Baga hii umeitoa wapi?"

"Kila mahali," alisema Tunu.

Mama akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akala, akacheka, akala tena. Kisha akaikata ile iliyobaki.

"Karibu, mwanangu."

Tunu alikumbuka adabu. Akamtazama Babu, akaitazama baga.

"Nimekaribia!" alisema.

Mkate, nyama, kachumbari na sosi, vyote pamoja, mdomoni mwa Tunu! Kwa mara ya kwanza siku ile. Alitafuna huku akichezesha miguu.

"Karibu, Baba," Mama alisema.

"Asante, sta..." Babu alianza.

"Babu!" Tunu alimkazia macho.

"...nimekaribia," alisema Babu. Akala. Loo, alikuwa na njaa, maskini! Tangu mchana alikuwa hajapata hata chembe.

"Na uji wako wa kesho, Baba, nitakunywa," alisema Mama. "Lakini kidogo." Babu akatabasamu mpaka masikioni.

Usiku ukaingia. Taa ikapunguzwa. Mama akalala, ameshiba. Hemedi alikuwa katikati, na Tunu pembeni yake. Tunu alikuwa amebakiza kipande kimoja, kidogo, kitamu, chenye kila kitu. Alikaa kitandani, akafungua mdomo. Aaa!

Hemedi akafumbua macho. Akamtazama dada yake.

Jamani! Angefanya nini? Mjukuu wa Babu Mbaruku hawezi kula peke yake.

"Karibu, Hemedi," Tunu alinong'ona.

Hemedi akafungua mdomo. Tunu akashtuka, akakirudisha kipande nyuma. Mdomo wa Hemedi ukazidi kufunguka, ukafunguka zaidi...

Aaaawh!

Kumbe ni mwayo tu. Hemedi akafumba macho, akalala.

Kwa watoto wachanga, hiyo ndiyo "asante, starehe."

Tunu akala kipande chake chote. Akalamba vidole. Kisha akamkumbatia mdogo wake, naye akalala.