Binti wa Ziwani Asiyejua Kuanika Samaki

— Mutoto ya Tshangalele! Fungua, nimekuletea bandugu yako!

Marlène alifungua mlango. Jirani yake Alphonsine alikuwa amesimama pale na beseni la samaki wabichi, maji yakimchuruzika hadi kwenye kitenge, na anacheka peke yake.

— Bandugu yangu gani?

— Samaki! Si weye ni mwana ya bavubi? Nimenunua mingi ku soko. Unionyeshe vile munaanikaka kule ku ziwa, sababu samaki yangu inaozaka kila mara.

— Nani alikuambia minye ni ya Tshangalele?

— Ah! Si bwana yako? Alimuambia Papa Augustin siku mulihamia. Avenue nzima inajua.

Sasa hebu tumtazame huyo binti wa ziwani. Marlène Kapinga alizaliwa Lubumbashi, baba na mama yake ni watu wa Kananga, Kasaï. Ziwa Tshangalele hakuwahi kuliona hata kwenye picha. Samaki aliyemjua ni wa kutoka kwenye friji, mgumu kama tofali.

Angeweza kusema ukweli palepale. Mdomo ulifunguka, ukasema kitu kingine.

— Leo niko na kazi mingi, Yaya Alphonsine. Nitakuonyesha siku ingine.

Alphonsine akaenda zake na beseni lake. Marlène akafunga mlango, masikio yanamwaka moto kwa haya. Akachukua simu akamwandikia mume wake.

"Casimir, minye ni Musanga, muntu ya Tshangalele, tangu lini?"

Casimir alikuwa kazini, kwenye maabara ya kiwanda cha shaba kilichomleta Likasi. Jibu lilichelewa, kisha yakaja matatu mfululizo.

"Chérie tutasema mangaribi."

"Nani amekuambia?"

"Tafazali usijibu muntu."

Jioni aliingia kwa mwendo wa mtu aliyevunja sahani. Marlène hakumpa hata maji.

— Sema.

— Marlène, sikia kwanza. Likasi hapana Lubumbashi. Hapa, wakati ya refoulement, bantu ya Kasaï balifukuzwa, balilala ku gare ya train na batoto. Noko yangu, kaka ya mama, aliniambia bantu ya hapa bangali banakumbuka.

— Ni juu ya ile nilikuambia tukae Kikula! Nilikuambia kule ku Kikula avenue moja iko na Bemba, iko na Tshokwe, iko na Baluba, hakuna mwenye atakuuliza. Ulisema nini? Ulisema unataka quartier ya kimya.

— Nilitaka ulale muzuri.

— Hapana. Ulitaka weye njo ulale muzuri.

Casimir akainamisha kichwa. Marlène akatazama dirisha, na hapo ndipo mambo yakaanza kumrudia. Kila alipompigia mama yake simu na kuanza Tshiluba, Casimir aliinuka kufunga lile dirisha. Alisema ni mbu. Saa nane mchana, mbu!

— Unanionea haya, Casimir?

— Hapana! Nakupenda.

— Sikuuliza kama unanipenda.

Mwanaume akaanza kuhesabu siku kwa vidole.

— Basi nipe mpaka alhamisi, alisema. Alhamisi tuko na shirika. Nitasimama mbele ya bantu yote, nitasema.

Shirika ni ile jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaa, wanaokutana nyumba kwa nyumba kusali. Hao wawili walikuwa wameshamaliza mahari na ndoa ya serikali. Ilibaki ndoa ya kanisani, na shirika ndilo lingewatolea ushuhuda kwa padri. Marlène alikubali kungoja. Alimpenda, na aliona haya kwenda mlango kwa mlango kukanusha kabila alilopachikwa.

Alhamisi ikafika. Watu walikaa kwa Papa Augustin, mwenye nyumba wao, mzee wa Kisanga mwenye sauti nzito. Baada ya Injili akauliza kama kuna mwenye neno. Marlène akamgusa Casimir kwa kiwiko. Casimir akasimama, akakohoa.

— Minye… nilitaka kusema asanti kwa namna mulitupokea.

Akaketi. Watu wakapiga makofi. Marlène alitaka sakafu ipasuke immeze.

Kutoka siku ile walilala wamegeuziana migongo. Asubuhi Marlène alitoka kuanika nguo kwenye kamba ya uani, kamba moja na Mama Philomène, mke wa Papa Augustin. Mama huyu alikuwa mtu wa maneno machache. "Jambo, mama." "Jambo, mutoto yangu." Kila mmoja akaendelea na nguo zake. Marlène aliogopa kuulizwa habari za ziwa, basi alimaliza haraka na kukimbilia ndani.

Jumatatu mchana mayowe yakapigwa kwenye nyumba kubwa ya Papa Augustin.

Kaka mkubwa wa Mama Philomène alikuwa amefariki mbali, na mama miguu ilikuwa imevimba, hakuweza kusafiri. Basi kilio kikawekwa palepale uani. Mikeka ikatandikwa, viti vikakodiwa, wanawake wa shirika wakaja na vitambaa vichwani. Casimir aliomba ruhusa kazini akaja kuketi na wanaume.

Alphonsine alianzisha wimbo wa Kibemba. Mama mmoja wa upande wa Dilolo akaimba wa Kitshokwe. Kisha wote wakaingia kwenye nyimbo za kanisa. Mama Philomène alikaa katikati, macho makavu, kama mtu aliyekaa kwa wageni.

Halafu akafungua mdomo akalia. Akalia kwa Tshiluba.

Marlène akashtuka mwili mzima. Kilio kile alikijua. Mama yake alimlilia mumewe hivyohivyo: mmoja anamwita marehemu kwa jina, kwa jina la baba yake, kwa jina la kijiji, halafu anangoja. Lazima mwingine aitike, ampokee marehemu, ndipo mwenye kilio aendelee. Mama Philomène aliita, akangoja. Wanawake wakatazamana. Alphonsine akajaribu kuanza "Salamu Maria", akaacha. Mama akaita tena, sauti imepungua. Akaita mara ya tatu, polepole, kama mtu aliyezoea kutojibiwa.

Marlène alimtazama Casimir upande wa pili wa ua. Casimir alikuwa anamtazama pia, na kichwa chake kilitikisika kidogo sana: hapana.

Hicho kichwa ndicho kilichomwinua.

Alivuka mikeka, akapiga magoti mbele ya yule mama, akaitika. Kwa Tshiluba, kwa sauti ya mama yake, hadharani. Mama Philomène alimkamata mikono yote miwili. Akaita, Marlène akaitika. Akaita, akaitika. Sasa machozi yakaja, ya wote wawili, na ua mzima ukawasikiliza hadi mwisho.

— Weye ni mwana ya nani? Mama Philomène aliuliza alipopata pumzi.

— Minye ni Kapinga, mama. Baba alikuwa muntu ya Kananga.

— Kananga! Na tunaanika nguo ku kamba moja kila siku, unaniambia jambo tu?

— Nisamehe, mama.

— Nani alikuambia ufiche?

Marlène hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Papa Augustin alikuwa ameshamgeukia Casimir.

— Weye, njo uliniambia bibi yako ni ya Tshangalele.

Casimir akasimama.

— Papa, niliogopa… nilifikiri munakataa bantu ya Kasaï.

— Nilikuuliza kabila?

— Hapana, papa.

— Nilikuuliza nini?

— Uliuliza kama anajua kuimba.

— Sababu korali yetu haina sauti! Mutoto, huyu bibi yangu ni ya Kasaï. Wakati ya refoulement bandugu yake yote balienda na train, yeye alibaki na minye. Benye kubafukuza balikuja ku huu mulango kumutafuta, nilisimama hapo. Na weye unaingia mu nyumba yangu, unanivika ubaya yenye sikukuwa nayo?

Mbele ya mtaa mzima, mbele ya maiti asiyekuwepo. Casimir alitamani mzee ampige kofi, ingekuwa nafuu. Mama Philomène ndiye aliyemmaliza, na hata hakupandisha sauti.

— Tangu bandugu yangu balienda, hakuna mwenye ananiitikaka. Mulinileteya mutoto wa kwetu mpaka ku mulango, halafu mukamufunga kinywa.

Jioni ile Marlène alikunja nguo zake kwenye sanduku.

— Unaenda Kikula? Casimir aliuliza.

— Naenda ku nyumba ya mama Philomène, nitamusaidia mu kilio. Nilisumbuka kutafuta quartier ya bantu ya kila kabila. Kumbe tulikuwa nayo hapa, ila weye uliifungia dirisha.

— Na ndoa?

— Ndoa ingojee. Kwanza pigia mama yangu simu. Mbele yangu. Umuambie juu ya nini ulimukataza kuya kututembelea.

Hilo nalo lilikuwepo. Walipohamia, mama mkwe alitaka kuja kuona nyumba. Casimir alimwambia nyumba ni ndogo mno, asubiri. Marlène alikuwa amelijua siku hiyo tu, alipompigia mama yake kumpa habari za kilio.

Casimir alibonyeza namba, akaweka sauti wazi.

— Mama, ni minye Casimir.

— Ndiyo, mwana yangu. Muko muzuri?

— Mama, ile siku nilikuambia usikuye, nyumba ni kidogo…

— Iko na byumba tatu. Marlène alinitumiaka photo.

Casimir akafumba macho.

— Basi ulijua?

— Nilijua. Minye ni muntu mukubwa, bengine balishanifichaka mbele ya weye kuya. Nilisema mu roho: mutoto yangu anamupenda huyu, minye nitakaa mbali.

Alilia, mwanaume mzima, simu mkononi. Marlène hakumgusa. Alitaka kumgusa, akazuia mkono wake.

— Nisamehe, Mama. Nilikuonea haya. Na sasa najionea haya minye mwenyewe. Kuya. Nitakungojea ku arrêt ya bus.

— Nitapita wapi? Ku mulango ya nyuma?

— Utapita mu avenue yote. Na minye.

Jumamosi basi la Lubumbashi lilimshusha mama mkwe na mfuko wa unga wa muhogo. Casimir akaubeba kichwani, amevaa suruali ya pasi, watoto wakamcheka. Alipita mlango kwa mlango, Marlène akifuata nyuma. Kwa Alphonsine, kwa fundi Germain wa baiskeli, kwa wale wa Dilolo, kila mahali alisimama akasema maneno yaleyale, jasho likimtoka kwa aibu kuliko kwa uzito wa mfuko.

— Huyu ni mama mukwe yangu. Ni ya Kananga. Bibi yangu naye ni ya Kananga. Niliwadanganya.

Walipofika kwa Papa Augustin, mzee na mkewe walikuwa wamesimama mlangoni. Hapo Casimir alisema kwa haraka, macho chini, ili yaishe.

Mama mkwe akamshika bega.

— Sema tena, mwana yangu. Hapa ulisema mbiombio.

Marlène akaja akasimama kando yake, akaushika mfuko upande mmoja.

Casimir akainua kichwa, akasema tena.