Mume Wangu Alifukuzwa Kazi Akiwa Kaburini

"Mama, kadi ya bima imefungwa. Mumeo kafukuzwa kazi."

"Nani kafukuzwa?!"

"Mumeo," karani wa hospitali akajibu. "Kwa utoro kazini."

Jamani! Mume wangu nilimzika mwezi uliopita... sasa huo utoro katorokea wapi?

Binti yangu ana selimundu, ule ugonjwa wa damu. Alikuwa amejikunja kwenye benchi la hospitali, analia mifupa. Nikambeba mgongoni mpaka ofisini kwa marehemu baba yake, kitengo cha mishahara ya serikali.

Zamani walikuwa watano mle ndani. Wakastaafu, wakahamishwa, hakuna aliyeletwa. Akabaki mume wangu peke yake na mafaili mpaka dirishani. Alianguka akafa palepale mezani.

Nilimkuta bosi wake, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Msibani alilia mpaka akashikiliwa!

"Shemeji, rekebisha basi. Andika amekufa, bima ya mtoto ifunguliwe."

"Mwenye ruhusa ya kuingiza vifo kwenye mfumo ni mmoja tu."

"Yuko wapi?"

Akatazama kile kiti kitupu.

"Na utoro je? Nao kauingiza marehemu?"

Akajifanya anapanga mafaili.

"Shemeji, sema!"

"Utoro niliuingiza mimi." Sauti ilikuwa ndogo. "Mfanyakazi akifa, nafasi yake inafutwa, serikali inabana matumizi. Akifukuzwa, naruhusiwa kuomba mwingine. Kitengo kingebaki tupu. Walimu na manesi nani angewalipa?"

Mnafiki mkubwa!

"Haya. Huyo mwingine yuko wapi?"

Akainamisha kichwa. "Bajeti imekatwa. Hawaleti mtu."

Yaani kamchafua rafiki yake kaburini, tena bure kabisa!

"Nakata rufaa!"

"Rufaa inasikilizwa mfanyakazi akifika mwenyewe..."

Nikageuka, nikaondoka. Njiani binti akaninong'oneza mgongoni, "Mama, kwani baba alikuwa mtoro?"

Nililia barabarani kama mwehu, sikujali nani ananiangalia.

Sasa hivi ninavyoandika amelala hapa pembeni yangu, anagugumia. Dawa zilizobaki ni za leo. Kesho sijui, wenzangu. Kwa kweli sijui.

Nyie mnaojiua kwa kazi za watu, sikieni. Ukimwona bosi anagaragara msibani, usiharakishe kumshika mkono. Muulize kwanza analilia mtu au analilia kiti.