Kilichokuwa Nguoni mwa Kamanda

Marehemu alikuwa amekaa kitini, zipu ya koti imepandishwa hadi kifuani, mkono mmoja bado umeshika pindo kama mtu anayejiweka sawa apigwe picha. Bastola ilikuwa kiunoni, ndani ya ala ya ngozi, kishikizo kimefungwa. Na bado ilikuwa imempiga.

Inspekta alizoea maiti, lakini hii ilimsisimua mwili. Risasi ilitoboa ala, ikaingia pajani na kukata mshipa mkubwa. Mikono ya marehemu haikuwa na chembe ya baruti.

"Imejipiga yenyewe," mjane alinong'ona.

"Bastola haina kidole, mama."

Mtaani walimwita Kamanda. Tangu apate kibali cha silaha, hata nati aliziuza dukani akiwa na bastola kiunoni. Mchana huo alisikika akigombana na mdogo wake, kisha mlio. Majirani hawakuhitaji mpelelezi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema mmoja, wakati koplo akimfunga pingu yule mdogo.

Kituoni, Inspekta alimketisha mtuhumiwa mbele yake.

"Mligombania nini?"

"Nyumba ya baba. Yeye alitaka iuzwe."

"Ulimshika?"

"Sikumgusa, afande! Alichomeka bastola, akafunga kishikizo, akasema anaondoka. Akavuta koti apandishe zipu. Ikalia. Akarudi kitini taratibu, akanitazama kama mtu niliyemwita. Tulikuwa watatu mle ndani, mimi, yeye na mkewe, shemeji yangu. Hakuna aliyeigusa. Nikifumba macho naisikia."

"Maelezo hayo hayatakuokoa na kesi ya mauaji."

"Najua. Lakini sina mengine."

Koplo alikataa kabisa kuiweka bastola ile kwenye kabati lake. Mtaalamu wa silaha alimcheka, lakini naye aliishika kwa ncha za vidole.

"Haina ugonjwa," alisema. "Nimeigonga, nimeiangusha, kimya. Kifyatulio kilivutwa."

"Ndani ya ala iliyofungwa?"

"Hiyo kazi yako. Alitembea na risasi chemba, tayari kulia, kizuizi cha usalama kimefunguliwa. Ala imechakaa, mdomo umelegea, chochote kinaingia. Na hii nimeikuta mbele ya kifyatulio, pale kidole kinapokaa."

Ilikuwa chembe ya rangi nyekundu.

Inspekta alibaki na koti la marehemu mezani. Chumba kilikuwa kimya, akajikuta anaogopa kuligusa, na hofu hiyo ikamuudhi. Ndipo maneno ya jirani yakamrudia. Nguoni mwako. Akaligeuza pindo. Lilikuwa limekunjwa ili kupitisha kamba, kwa mishono mikubwa iliyopinda, kazi ya mkono usiozoea sindano. Kamba yenyewe haikuwamo.

Alipofika nyumbani kwa marehemu, binti yake alikuwa barazani, anasokota nyuzi. Kwenye begi lake la shule ilining'inia kamba yenye shanga ya mti, kubwa, nyekundu. Mjane aliona macho ya Inspekta yalipotua.

"Mwanangu, kamletee mgeni maji," alisema haraka.

Mtoto alipoingia ndani, Inspekta aliuliza kwa sauti ya chini, "Ile kamba ya koti uliikata lini?"

Mjane hakubisha. Alifungua fundo kwenye pembe ya kitenge chake, akatoa shanga iliyobanduka rangi.

"Shemeji alipokimbia kutafuta gari. Niliona kamba imezama kwenye ala, imekazana. Nikaelewa: alivuta koti, shanga ikavuta kifyatulio. Huyu binti alimsikia baba yake akilalamikia upepo, akamshonea kamba hiyo. Kamanda akaapa hatalivua koti lile." Akafuta machozi. "Nikaikata, nikaichomoa yote."

"Shemeji yako yuko rumande kwa hilo."

"Yeye ni mtu mzima, afande. Nilisema atastahimili. Huyu mtoto ataishije akijua zawadi yake ndiyo iliyomuua baba yake?"

"Si kamba iliyomuua. Kilichomuua ni risasi chemba, kizuizi wazi na ala mbovu. Mwenye hayo yote alikuwa yeye."

"Mwambie hivyo mtoto wa miaka tisa."

Inspekta aliipokea ile shanga, akaitia kwenye bahasha.

"Utakuja kituoni kuandika maelezo," alisema. "Shemeji yako atatoka leo. Utajibu kwa kuficha ushahidi, nami nitaeleza sababu. Maelezo hayasomewi watoto."

Binti akarudi na bilauri ya maji. Akamtazama mgeni kuanzia shingoni hadi kwenye pindo la koti, palipotokeza kitako cha bastola.

"Mjomba, koti lako halina kamba. Nikushonee? Ya baba mama anasema ameondoka nayo."

Inspekta akajikuta ameziba ala yake kwa kiganja. Mjane aligeuzia uso ukutani.

"Nisokotee," akasema. "Lakini ya funguo, mwanangu. Ya funguo tu."