Viti Vilivyokaliwa

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, nami nilikuwa nyumbani kwangu nikisoma gazeti. Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, alikaa sebuleni na kompyuta yake. Dada yake, mwalimu wa chekechea, alikuwa ametoka na bintiye wa miaka minne kwenda kujaribu basi dogo alilotaka kulinunua, la kubebea wanafunzi wake.

"Mjomba, hii inaitwa maktaba," mpwa alinieleza.

"Maktaba ina vitabu."

"Hii ina programu zilizokwisha kuandikwa na wengine. Naipa namba ya gari, inaniletea taarifa zote za ukaguzi."

"Yaani unamtuma mtu usiyemjua."

"Mzee, hufai wewe!" Akacheka.

Aliingiza namba ya basi lile, aliyoachiwa na dada yake. Zikaja taarifa za miaka minane. Breki, taa, matairi: sawa. Ghafla kicheko kikamkauka. Nikaweka gazeti chini, nikasogea kwenye skrini.

Mwaka wa kwanza, uvunguni: "Nywele na ngozi ya kichwa kwenye ekseli ya magurudumu. Limepita."

Mkaguzi aliyaona mabaki ya mtu, akayaandika, akagonga muhuri, akaenda kunywa chai. Nimekaa ofisini miaka thelathini na minne. Mihuri ya namna hiyo naijua.

Mwaka wa pili: "Nywele zimerefuka. Limepita."

Wa tano: "Ngozi imeenea. Inatoa jasho. Limepita."

Wa nane: "Uvunguni hakuna kitu tena. Limepita."

Chini yake palikuwa na mstari wa leo. Saa nne na dakika kumi na mbili. Mkaguzi: hakuna. Viti vilivyokaliwa: vitatu.

"Mpigie dada yako," nilinong'ona.

Mpwa aliweka spika; dada yake alipokea mara moja. "Tuko barabarani. Gari zuri, ila linanuka kama nyama iliyosahauliwa kwenye mfuko."

"Mko wangapi humo?" niliuliza.

"Mimi na mwanangu. Muuzaji kabaki kwake. Kwani vipi, Mjomba?"

"Shuka. Sasa hivi. Mbebe mtoto."

Tulisikia breki. Mlango. Kilio cha mtoto.

Kisha mlango wa nyuma.

Mpwa aliingiza namba upya. Viti vilivyokaliwa: hakuna.

Baada ya nusu saa walifika kwa miguu. Mama mtu alinipita bila salamu, akakimbilia bafuni kutapika. Mtoto alisimama mlangoni, ameshika kitasa, hataki kufunga.

"Ingia, mjukuu wangu."

"Ngoja, Babu. Anavua viatu."

Nje hapakuwa na mtu. Nilimvuta mtoto ndani, nikainama.

Juu ya zulia la mlangoni palikuwa na vipande viwili vya ngozi ya nyayo, vibichi, vimepangwa sambamba. Vidole vilielekea ndani.