Kuku wa Ukweni

Siku ya soko Mushaki watu hawapishani, husukumana. Kati ya viazi na jibini, pikipiki ilikanyaga pindo la kitenge cha njano, na mwenye kitenge akageuka kwa ukali.

"Hauna macho?"

"Niko nayo, dada. Ila imebaki kwako."

Aurélie alitaka kukasirika, akacheka. Kijana alivaa koti jekundu, na nyuma ya pikipiki alikuwa amefunga sanduku la barafu. Aurélie alilijua: ndimo sampuli za wagonjwa wa mafua zilimosafirishwa hadi maabara ya Goma alikofanya kazi. Kumbe mletaji, yule Akilimali aliyemjua kwa jina tu, ndiye huyu! Tangu siku hiyo hawakuachana.

Mvua zilipoanza, Akilimali alipeleka kuku mweupe ukweni, kama impasavyo mchumba. Mama Dancille, mama yake Aurélie, alimpokea kwa mikono miwili. Walikula, wakacheka. Aurélie alikuwa na kikohozi, akakificha asiharibu sherehe.

Baada ya siku chache kuku alikufa. Kisha mama akashikwa na homa, akapumua kwa shida.

Akilimali alipeleka sampuli ya mama Goma. Mashine ikaonyesha mafua ya aina A. Aurélie akatafuta ni tawi gani la aina hiyo: H1, hapana, H3, hapana. Kemikali ya kupimia H5, mafua ya ndege, ilikuwa imeisha. Hofu ikamjazia kile ambacho mashine haikusema. Akampigia mpenzi wake simu.

"Weye njo ulituletea kifo!"

"Chérie, ile kuku ilikuwa muzima…"

"Usiniite chérie! Kuku ya kwenu yote wachome!"

Maji yakimwagika hayazoleki. Neno hilo likasambaa, na kabla ya jua kuzama majirani walikuwa wamechoma kuku wote wa Mama Murekatete, mama yake Akilimali, hata vifaranga. Mama Dancille naye alikimbiwa kwa hofu kule kijijini. Maji yake yaliachwa mlangoni.

Papa Straton, mkuu wa maabara, alitazama matokeo akakunja uso.

"Hii alama iko na nguvu kidogo sana. Barafu ilifika?"

"Iliyeyuka, Papa. Barabara ilikatika na matope."

"Basi haujapata H5. Haujapata kitu. Omba sampuli ingine."

Aurélie aliona aibu kali. Akapiga simu tena, akilia. "Ninakuomba. Si juu yangu, juu ya mama."

"Nitaileta," Akilimali alisema. "Ule mama alinipokea muzuri."

Alifika amelowa, barafu ingali ikigongana sandukuni. Mara hii jibu lilikuwa wazi: H3, mafua ya kawaida ya watu. Aurélie akajipima mwenyewe. H3.

"Haikuwa kuku," alisema. "Labda njo miye. Nilikohoa pale kwa meza."

Akilimali alielekea kwenye pikipiki. "Mama iko peke yake. Panda, twende."

Walichelewa. Mama Dancille alikuwa amelala karibu na mlango, kikombe kikiwa kitupu kando yake.

Matanga yalipokwisha, Aurélie alipanda mlima kwa Mama Murekatete, kitenge cheusi kiunoni, kuku mweupe kifuani.

"Kwetu mwanaume njo analeta kuku," mama mzee alisema.

"Ninajua, mama. Lakini miye njo nilimaliza zenu."

Mama Murekatete alinyoosha mkono mmoja. Akasita. Kisha akaongeza wa pili.

"Akilimali," akaita, "letea muke wako kiti."