Ngoma Zilizochomwa Misheni

Kanzu za Padri zilinuka ngozi iliyoungua. Dobi wa misheni alizifua, akazianika, akazifua tena. Harufu haikutoka.

"Ni zile ngoma," alimnong'oneza mumewe.

Mumewe alikuwa katekista. Siku chache nyuma alizibeba mwenyewe ngoma za mama yake, mganga aliyewatuliza majini kwa ngoma hizo, akazitupa motoni kwa amri ya Padri. Mama alipojaribu kuziopoa, Padri alimchapa viboko mgongoni mbele ya waumini. Katekista aliikumbatia Biblia yake.

"Usiniletee ushenzi," alimjibu mkewe.

Jumapili asubuhi alisimama mbele ya kanisa kusoma somo. Hakusoma. Alicheka, cheko zito lisilo lake, na mgongoni kwenye shati lake jeupe ikachomoza michirizi ya damu, mmoja baada ya mwingine, kama anachapwa na mkono usioonekana. Padri alimjia na msalaba wa shaba, naye akampokonya, akamtwanga nao mdomoni, akamtwanga tena mpaka meno yakatapakaa madhabahuni, na wanaume waliomrukia akawarusha juu ya mabenchi kama nguo chafu, huku akinguruma, "Nyumba yangu mmeichoma. Nitalala wapi?"

Dobi alitimua mbio hadi kwa mama mkwe wake. Alimkuta amelala kifudifudi, vidonda havijakauka.

"Mama, mume wangu anaua mtu."

"Mwanangu ni mzima?"

"Hatapona, mama. Jini aliyempanda atamtoa roho."

Bibi huyo alijikongoja hadi kanisani. Watu walimpisha. Alikaa kwenye benchi la nyuma, akaanza kulipiga kwa viganja kama ngoma, polepole, na katekista akalegea, akapiga magoti.

"Mwachie mwanangu," bibi alisema.

"Niende wapi?"

Bibi alimtazama Padri aliyekuwa akigaagaa sakafuni.

"Kwa aliyekufukuza."

Katekista alianguka, akaanza kulia kama mtoto, akimwita mama. Padri akaketi. Miaka yote aliyokaa pale hakuwahi kuitamka lugha yao sawasawa. Sasa, kwa mdomo uliopasuka, aliisema vizuri kuliko wazee wao.

"Ngoma mpya inataka ngozi."

Akapandisha mkono wa kanzu, akazamisha kucha kwenye kiwiko, akaanza kuichuna ngozi yake mwenyewe.